Malalamiko Kuhusu Bumerangi Iliyorudi, Pamoja na Ile Iliyokataa Kurudi

Alby Garrick,
Nyumba ya bati la kijani,
Barabara ya Ukingoni, Tullambar.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Warusha Bumerangi wa Tullambar.

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Heather Prowse,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema. Kusema kweli najua unayo, kwa sababu asubuhi hii nimekuona ng'ambo ya barabara ukimwagilia nyanya, ukanipungia mkono, nami nikajifanya natazama mawingu. Naomba radhi. Sikuona vizuri kumpungia mkono mtu ninayejiandaa kumshitaki. Binti yangu Kiah aliyekuwa pembeni aliniambia, "Baba, si uvuke tu umwambie? Anakusikia hata ukipiga chafya." Nilimweleza kwamba mwanachama mwenye malalamiko humwandikia Mwenyekiti, na Mwenyekiti hujibu kwa maandishi, ndivyo vyama vinavyokwenda duniani kote. Kwa hiyo nimeketi barazani, nimevaa shati lenye kola, naandika.

Suala lenyewe unalijua, kwa kuwa ulikuwepo na krimu ilikurukia hata wewe. Lakini malalamiko yasiyoelezwa tangu mwanzo huonekana umbea, basi nieleze. Kiah wangu anaolewa na Selwyn, kijana mtaratibu, fundi magari, mtu wa kule jangwani, mwendo wa siku mbili kwa gari kama hujakutana na mafuriko. Jumapili iliyopita baba yake na shangazi zake walikuja kuonana nasi kwa mara ya kwanza, na tukaandaa mlo uwanjani kando ya mto. Sisi tulileta samaki na mkate wa majivuni, wao wakaleta mikia ya kangaruu ya kuchoma. Chama chako kikaja na meza yake, bumerangi zake na miduara yake ya chokaa majanini, ili kuwaburudisha wageni. Aliyewaalika ni mimi. Hilo sitalitaja tena katika barua hii.

Harusi ilikuwa Jumamosi ijayo. Sasa haipo. Mke wangu Dulcie ameisimamisha mpaka Selwyn amwombe radhi kwa mdomo wake mwenyewe, na Selwyn, kwa mila za kwao, hamsemeshi mama mkwe wala hamtazami, mpaka mmoja wao aingie kaburini. Umeona tulipokwama? Anayetakiwa kusema hawezi kusema, anayetakiwa kusikia hataki kusikia kwa mtu mwingine, na binti yangu yuko jikoni analia huku akimenya viazi ambavyo hakuna aliyeviomba. Chanzo cha yote haya ni chama chako. Nitathibitisha, tena kwa namba.

1. Kuhusu bumerangi iliyokataa kurudi. Mzee Clifton, baba yake Selwyn, alinipa zawadi mbele ya watu wote: bumerangi ya kwao, ya mti wa mulga, nyekundu, iliyopinda kama kiwiko, nzito kama paja la kondoo. Niliguswa sana. Nikaona adabu ni kuirusha pale pale. Wewe mwenyewe unanijua, Mwalimu, tangu ujana wangu sijaaibika nikiwa na bumerangi mkononi, ukiacha siku ile ya ng'ombe. Nikapima upepo kwa majani makavu, nikaishika wima, nikairusha pembeni mwa upepo kama tulivyofundishwa na baba zetu, kisha nikatulia, mikono mbele, viganja vikitazamana, nikisubiri kuidaka kwa mtindo.

Nilisubiri. Wageni nao wakasubiri, kwa heshima, ingawa hawakujua tunasubiri nini. Ile bumerangi ilikwenda chini chini, moja kwa moja, haikugeuka hata kuaga, ikavuka uwanja mzima na kugonga choo cha plastiki mlichokileta, ambamo binamu yangu Neville alikuwa amejipumzisha. Neville alitoka ameshika suruali kwa mkono mmoja, akauliza, "Nani huyo anapiga hodi kama polisi?" Na Mzee Clifton akanisogelea, akaninong'oneza kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya mto, "Mkwe, mbona umesimama kama unaomba mvua? Nenda kaichukue."

Sasa ninyi ni chama cha bumerangi. Ilikuwa kazi yenu kunikumbusha kwamba za jangwani hazirudi, kwamba zimechongwa kwa ajili ya kuvunja mguu wa kangaruu, na kangaruu akishavunjika mguu hakuna sababu ya bumerangi kurudi kuleta taarifa. Utasema Alby analijua hilo tangu utoto. Nalijua. Lakini mtu akisimama mbele ya wakwe, vyote anavyovijua humtoka. Mngeweza angalau kukohoa.

2. Kuhusu bumerangi iliyorudi. Baada ya aibu yangu ulimwita Selwyn, ukampa bumerangi yenu nyepesi ya plaiwudi, ile ya manjano, ukamsimamisha katikati ya miduara na kumwelekeza. Upepo uupate kwenye shavu la kushoto. Usiilaze, iinamishe kidogo tu. Izungushe kwa kifundo cha mkono, usitumie nguvu za bega. Nilikuwa nasikiliza. Hukumwambia neno moja tu lililohitajika, kwamba itarudi. Ulidhani anajua. Na kweli anajua, ameona kwenye televisheni kama watu wote. Lakini miguu yake haijawahi kuangalia televisheni. Miguu yake imekulia mahali ambapo kitu ukikirusha unakifuata.

Akairusha. Mwalimu, hata mimi mwenye kinyongo nakiri kwamba sijaona mrusho mzuri kama ule mwaka huu. Ilipanda, ikakata kona, ikametameta juani, moyo wangu ukaruka. Na Selwyn akaanza kutembea kuifuata. Hapo hapo mke wangu akatokea kwenye mahema akiwa amebeba pavlova yake, keki ya ute wa mayai ya tabaka mbili, yenye krimu na pasheni juu, na kwa kuwa ana haraka ya kuzaliwa nayo, akakatisha uwanjani badala ya kuzunguka. Alikuwa anapaza sauti: "Pisheni, pisheni, tamu inapita!"

Selwyn akasikia sauti ya mama mkwe nyuma yake. Akafanya alichofundishwa tangu utoto: akavuta kofia mpaka puani, akainamisha kichwa, akaendelea kutembea akimpa mgongo. Neville akapiga kelele, "Oya, inarudi! Tazama juu!" Kiah akapiga kelele, "Usigeuke, Mama yuko nyuma!" Wewe ukapiga kelele, "Daka!" Mzee Clifton akapiga kelele, "Mwacheni kijana na heshima zake!" Mimi nilimpigia kelele Dulcie ainame, naye akanijibu, "Niiname na keki? Umelewa?" Bumerangi ikapita juu ya kofia ya Selwyn ikiwa imeshajilaza, ikateremka taratibu kabisa, bila haraka yoyote, ikizunguka bado, ikatua katikati ya pavlova.

Nasisitiza neno ikizunguka. Kama ingeanguka tu, tungeitoa, tukaifuta, tukala. Lakini iliendelea na kazi yake mle ndani kama mashine ya kupigia mayai. Tabaka la juu lilikwenda kwa mashangazi wa jangwani. La chini Dulcie alilivaa. Mbegu ya pasheni ilikaa kwenye unyusi wake mpaka Jumanne, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia.

3. Kuhusu kupima. Hapa ndipo ninapofungua kifungo cha kola. Mke wangu amesimama, hawezi kufumbua macho, bado ameshika sahani mbele yake kama mtu anayesubiri kupakuliwa. Nawe, Mwalimu Heather, uliyemsomesha binti yetu, uliyekula samaki wetu saa ile ile, ukamkimbilia. Sote tulidhani umeleta taulo. Ulikuwa umeleta futi ya kupimia. Ukamwambia, na mashahidi ninao, "Dulcie mpenzi, usisogee hata kidogo, bado sijapima."

Ikaonekana kwamba Dulcie alikuwa amesimama ndani kabisa ya duara la katikati. Ikatangazwa kwamba Selwyn amepata alama zote kumi. Ikatangazwa kwamba hakuna mrushaji wa mara ya kwanza aliyewahi kufanya hivyo katika uwanja ule. Watu wakapiga makofi! Na ule utepe wa bluu wa ushindi, kwa kuwa mshindi alikuwa amewapa watu mgongo na hataki kuja, mkaona busara mama mkwe amshikie. Mlimbandika kifuani, Mwalimu, kwenye krimu. Ulishika vizuri bila pini.

Nimezisoma kanuni zenu upya. Zinasema bumerangi ivuke mstari wa mbali, irudi, na alama zihesabiwe pale inapotua chini. Sijaona mahali panapomtaja mke wangu kuwa ni chini.

4. Kuhusu bawa la juu. Nilipokuuliza kwa uchungu ni kwa nini kitu kirushwe kisitulie huko kilikorushwa, badala ya kunipa pole ulinipa somo. Ulichomoa gurudumu la mbele la baiskeli ya Neville, ukalibingirisha majanini, ukaniambia nitazame. Ukasema bumerangi ikiwa wima inazunguka, bawa lililo juu linakwenda mbele pamoja na safari na lililo chini linarudi nyuma, hivyo la juu linashika hewa zaidi na kusukumwa zaidi. Ungetegemea kitu kizima kipinduke. Lakini kwa kuwa kinazunguka kwa kasi hakipinduki, kinakata kona, kama gurudumu lile linaloanza kuinama na badala ya kuanguka linageukia upande wake. Bumerangi nayo inakata kona, inakata tena, mwisho imerudi mkononi kwako. Somo lilikuwa zuri, isipokuwa gurudumu liliingia mtoni na Neville amerudi nyumbani kwa miguu.

Nimelitafakari somo hilo tangu Jumapili na nimemtambua mkosaji. Ni bawa la juu. La chini ninaliona halina hatia, limejitahidi kurudi nyuma kwa unyenyekevu. Naomba basi bawa la juu likatwe katika bumerangi zote za chama. Dulcie, ambaye anasoma begani kwangu huku akijidai anakunja nguo, ananikumbusha kwamba mabawa hupokezana, la juu linakuwa la chini na la chini linakuwa la juu, tena haraka haraka. Basi yakatwe yote mawili. Kitakachobaki ni kiwiko, na kwa kiwiko mtu anaweza kujikinga.

5. Kuhusu bata. Ulipoona watu wamenuna uliamua kuchangamsha mambo. Ukarusha bumerangi nyingine juu ya bwawa lililo kando ya uwanja. Sasa, Mwalimu, umekaa nasi miaka mingi, unajua kwamba hakuna mtu wa ukoo wangu anayeweza kuona bumerangi juu ya maji akaacha kupiga mluzi wa mwewe. Babu zetu walitandaza wavu kati ya miti miwili, wakairusha juu ya bata wanaoruka, wakapiga mluzi, na bata wakidhani mwewe amefika wakajitosa chini moja kwa moja wavuni. Neville akapiga mluzi. Mashangazi zangu wakapiga mluzi. Nami, nikiwa katikati ya huzuni yangu, mdomo ulijikunja wenyewe.

Bata wote wa bwawa wakashuka chini chini na kuingia kwenye wavu wa voliboli, na chini ya wavu huo walikuwa wameketi mashangazi wa jangwani wakijifuta pavlova. Kelele zile sitazisahau, na sijui zipi zilikuwa za bata. Mzee Clifton alicheka mpaka akakaa, akacheka mpaka akalala, akawa anapiga nyasi kwa kofia. "Kaka!" akaniambia, machozi yakimtoka. "Tangu asubuhi najiuliza, kitu kinachorudi kina faida gani? Yetu inaleta nyama, yenu inajileta yenyewe! Kumbe kazi yake kutisha bata!" Nikamwambia, "Yetu ina akili, inajua kwao." Akasema, "Yetu iko kazini, haina muda wa kutembelea watu." Nikamwambia, "Yenu imetembelea choo." Tulijibizana hivyo mpaka jua likaelekea kuzama, na naomba iandikwe kwamba sikufurahia hata kidogo, ingawa nilicheka hadi mbavu zikauma, na ingawa tumekubaliana kwenda kuvua pamoja. Bata walifunguliwa wote, wamekasirika sana.

Lakini Dulcie alikuwa amejifungia garini, na alichosikia kutoka nje ni uwanja mzima ukicheka. Hakujua kuna bata. Alidhani anachekwa yeye. Kicheko hicho ndicho kilichomuumiza, krimu inaoshwa.

6. Kuhusu radhi. Tulipofika nyumbani alisimama sebuleni na utepe wake kifuani, akasema, "Nimechekwa na koo mbili. Nimepimwa kwa futi. Nimevishwa utepe kama ng'ombe wa maonyesho. Na yule kijana aliyeanza yote hajafungua mdomo. Heshima gani hiyo, ya kumnyamazia mtu mwenye krimu puani?" Kiah akamwambia, "Mama, ndiyo heshima yenyewe. Akikusemesha anakutukana." Dulcie akajibu, "Basi na anitukane!"

Mzee Clifton alikuja Jumatatu, kofia mkononi, akaomba radhi kwa niaba ya mwanawe, vizuri mpaka mimi nikataka kumsamehe tena. Dulcie akamwambia, "Wewe hukunirushia kitu, shemeji. Kaa unywe chai." Wakaja mashangazi, nao wakaomba radhi, nao wakanyweshwa chai. Nyumba yangu imejaa watu walioomba radhi, majani ya chai yamekwisha, na mkosaji mwenyewe yuko kule mtoni wageni walikopiga kambi, amelala chini ya gari lake akitengeneza ubovu ambao haupo.

Kwa hiyo naleta hoja. Ikiwa mrushaji hawezi kuomba radhi, jukumu hilo linamwangukia mwenye bumerangi, yaani chama. Ikiwa chama nacho hakitaki, linaiangukia bumerangi. Ikiwa bumerangi haina mdomo, linauangukia upepo uliokuwa shavu la kushoto. Nasubiri mniambie ofisi ya upepo iko wapi, nami nitavaa tena shati hili.

Hapa, Mwalimu, ningependa kusema jambo ambalo usilisome mkutanoni. Dulcie ameingia ndani sasa. Kuahirishwa kwa harusi hii hakujaniuma kama inavyotakiwa. Kiah akiolewa atahamia kule. Ni mtoto wetu wa pekee. Juzi nilijaribu kukaa barazani kana kwamba ameshaondoka, nijizoeze, nikashindwa mara moja, nikaingia ndani kumtafuta, nikamkuta anapiga mswaki, nikasimama tu mlangoni kama mjinga. Selwyn simchukii, anapenda kazi na anampenda binti yangu. Ila sitaki Kiah aende. Hilo ndilo lenyewe, na mengine yote nimeyaandika kwa namba ili yaonekane makubwa.

Basi, kwa kuzingatia hayo, naomba chama kiunde tume. Iwe na watu wa mto na watu wa jangwani kwa idadi sawa, na mtaalamu mmoja wa bata asiyeegemea upande wowote. Tume iamue ipi ni bumerangi ya kweli, inayorudi au isiyorudi. Mpaka hapo pasiwe na ndoa yoyote kati ya watu wenye bumerangi za aina tofauti. Nadhani miaka kumi itawatosha, lakini msikimbilie. Katika muda wote huo Kiah abaki nyumbani kwangu kama kielelezo cha kesi. Selwyn kama shahidi anaruhusiwa kuja wakati wowote, na ikiwa safari itamchosha anaweza kuishi kwenye banda langu la zana. Nimeshalifagia, na nimemtengea sehemu ya kuegeshea gari.

Nisalimie mumeo na mgongo wake unaomsumbua. Nisalimie mweka hazina, na wanachama wote waliopiga makofi, hasa wale waliopiga kisha wakaona haya. Zisalimie nyanya zako, nimeona zinaanza kuiva. Kwa bata sina la kuwaambia kwa sasa.

Ni mimi mwanachama wako, ninayekuomba usinipungie mkono mpaka nipate majibu,

Alby Garrick

Tanbihi: Nilikuwa nalamba bahasha wakati mbwa wetu alipobweka, nami naona ni haki ujue kilichofuata, hata kama kinaniharibia kesi.

Selwyn aliingia kwa lango la nyuma akitembea kinyumenyume. Alikuwa amebeba sinia iliyofunikwa taulo, akaja hivyo hivyo, akagonga pipa, akagonga kamba ya nguo, akaiweka sinia kwenye ngazi bila kugeuka. Ilikuwa pavlova. Aliioka mwenyewe kambini, kwenye sufuria ya chuma juu ya makaa, nayo ilikuwa imebonyea katikati kama kofia iliyokaliwa. Dulcie alikuwa mlangoni, mikono kifuani. Selwyn akachuchumaa mbele ya mbwa, mgongo wake kwetu. Mbwa anaitwa Sajenti, ni mzee, ana sikio moja tu. Akamwambia kwa sauti ya kusikika vizuri:

"Sajenti, nina neno nawe. Nimemharibia mtu keki yake. Ningegeuka ningemkosea heshima, sikugeuka nikamkosea mbele za watu. Tangu siku ile chakula hakipiti. Wewe unakaa naye, unamjua. Mwambie nasikitika sana. Mwambie binti yake nitamtunza. Na mwambie hii imebonyea, najua, lakini mayai niliyapiga kwa mkono."

Sajenti akapiga miayo. Mimi nikamtazama Dulcie, naye alikuwa analia waziwazi, bila kujificha. Akaniambia kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa akizungumza na mkwewe, yaani baba yake Dulcie, hivyo hivyo, kupitia birika. Bibi alikaa kuelekea motoni, akaliambia birika kwamba kuni zimekwisha, na baba huko nje akachukua shoka bila kuulizwa. "Miaka yote hawakugombana hata mara moja," akasema. "Watu wetu nao walikuwa nayo heshima hii, Alby. Mimi ndiye niliyeisahau, halafu nikamlaumu mtoto wa watu aliyeikumbuka."

Akashuka ngazi, akaketi upande wa pili wa mbwa, mgongo wake kwa mgongo wa Selwyn. "Sajenti," akasema, "mwambie huyo kijana krimu inapakwa keki ikishapoa. Mwambie nimesikia, na yamekwisha. Mwambie harusi ni Jumamosi ile ile, na akichelewa nitakutuma wewe ukamng'ate." Kiah alitoka jikoni mbio na kisu cha viazi mkononi, akawakumbatia wote pamoja na mbwa. Pavlova tuliila pale pale kwenye ngazi. Iliyobonyea inashika krimu nyingi zaidi. Wale wawili waliendelea kuzungumza na Sajenti mpaka jioni, mambo ya magari, mambo ya mvua, mambo ya majina ya wajukuu. Sijawahi kuona mbwa aliyechoka vile.

Basi yafute malalamiko yote sita, na tume, na miaka kumi. Njooni Jumamosi na meza yenu na bumerangi zote, na mabawa yake yote.

Limebaki moja tu. Dulcie ameamua kwamba Sajenti aende jangwani na maharusi, maana bila yeye mama mkwe na mkwe hawataweza kuzungumza, hata kwenye simu. Nimepinga. Nimesema Sajenti ni mzee, halali vizuri nisipokuwa karibu, na safari ni ya siku mbili. Mzee Clifton akasema kwao kuna nyumba tupu, upande wa pili wa kijiji, mbali na Selwyn kama inavyotakiwa, na karibu na mahali pa kuvua endapo mvua itanyesha. Dulcie ameshaanza kufunga sufuria. Kwa hiyo kwenye timu ya mashindano ya Septemba jina langu liondoe, umweke Neville. Ni kwa ajili ya mbwa tu, Mwalimu. Siwezi kumwacha aende peke yake.